Steringi hafi, lakini risasi zinaisha

Kwenye vibanda umiza vya Dodoma, yale mabanda ya kuonyeshea video, picha la kivita lina sheria moja inayojulikana hata na mtoto anayechungulia kwenye tundu la turubai: steringi, yaani shujaa wa picha, hafi. Sheria ya pili haisemwi: steringi haishiwi risasi. Hiyo ya pili ndiyo yenye mambo.

Chukua simu, fungua saa ya sekunde. Magazini ya kawaida ya AK-47 inabeba risasi 30, na bunduki ikiachiwa mfululizo inatema kama 600 kwa dakika. Sekunde 3, imekauka. Anza kuhesabu steringi akibana kifyatulio. Picha ikirukia kwa adui anayeanguka, ongeza umakini, maana hapo ndipo mhariri anapoficha magazini mpya. Wakati mwingine hata hajisumbui kuificha.

Sasa njoo kwenye rashasha aina ya M60, ile ambayo Rambo anaisukasuka kama fimbo ya kuchungia. Tupu ina kilo 10 na nusu hivi. Mkanda wa risasi 100 unaongeza kilo 3 na ushee, nao unaisha kwa sekunde kama 11. Jeshini silaha hiyo ina mpigaji, ina msaidizi wa kulisha mkanda na kubadili mtutu ukichemka, na mara nyingi yupo wa tatu wa kubeba risasi. Filamu imewafuta wawili, ikabakiza misuli. Uanaume wa kwenye kioo unapikwa hivyo, kwa kupunguza watu.

Kinachosahaulika ni kwamba filamu ya kwanza ya Rambo, First Blood ya 1982, inaishia kwa mwanaume kulia mbele ya kamanda wake wa zamani, akikumbuka rafiki aliyelipuliwa. Ya pili, ya 1985, ikamrudisha Vietnam kifua wazi, na Marekani ikapata kwenye kioo ushindi iliyoukosa vitani. Wengi wanaikumbuka hiyo ya pili. Hapa kwetu yupo na mtafsiri wa filamu kwa Kiswahili, wa kizazi cha Lufufu na waliomfuata, ambaye sauti yake inapandishwa juu ya sauti ya awali. Akinyamaza wakati wa kile kilio, banda zima linakisikia. Akiendelea kupiga porojo, machozi yamekwenda.

Kauli yetu ya vita haikuwa na steringi. Novemba 1978, Idi Amin akiwa ameingia Kagera, Mwalimu Nyerere alitaja sababu, uwezo na nia, na vyote vikaishia na "tunayo" na "tunao". Wingi mtupu. Jeshi likajazwa mgambo, JKT, polisi na magereza, na sehemu kubwa ya safari ya kwenda Kampala ilikuwa ya miguu.

Ugogo, nchi hii ya Dodoma, una vita vyake vya kupigia picha, na havihitaji hata mlipuko mmoja. Katika Vita Kuu ya Kwanza majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, yalichukua hapa nafaka, ng'ombe na wanaume wa kubeba mizigo. Mvua nayo ikagoma, ikafuata njaa ambayo Wagogo wanaiita Mtunya. Zile risasi zisizoisha, kuna shingo zilizozibeba.

Vijana wenye kamera hapo mjini, mkiwapiga picha wapagazi hao, kosa la kwanza litakuwa kreti tupu ya risasi. Kreti tupu inadunda begani na mwigizaji anatembea kama anakwenda sokoni. Jaza mchanga, kilo 25, karibu na mzigo halisi wa mpagazi, kisha mwache atembee nusu saa kabla hujawasha kamera. Shingo itaigiza yenyewe. Kombati huhitaji, na afadhali: Agosti 2023 jeshi la Tanzania, JWTZ, liliwapa raia siku 7 wasalimishe sare zake. Mpagazi anataka shuka tu, na vumbi la hapa ni la bure.