Usimwambie kwamba dada yake amelala

Mtoto akifiwa na dada, "amelala" ni neno la huruma, lakini ndilo linalomkosesha mtoto usingizi. Mtoto wa miaka 4 hulichukua kama lilivyo: dada alilala asiamke, basi kitanda ni mahali pa hatari. Ukisema "amesafiri", atalia kila ukishika begi. Sema amekufa: mwili umeacha kufanya kazi, hapumui, hasikii njaa wala baridi, hatarudi. Kesho atauliza tena atarudi lini. Mjibu kwa maneno yaleyale. Kabla ya miaka 5 hivi, wengi hawajaelewa kwamba kifo hakina marejeo.

Lililo zito zaidi huwa halisemwi. Ndugu hugombana, na pengine siku moja alimwambia mwenzake "ufe tu". Katika umri huu mtoto huamini kuwa wazo lake linaweza kuua. Usingoje aulize. Mwambie: "Ulichosema au kuwaza hakikumuua." Kisha utaje ugonjwa kwa jina lake, maana akisikia tu "aliugua", kila mafua yatamtisha.

Akilia dakika kumi kisha akadai mpira, hajasahau. Huzuni ya mtoto huja kwa vipande. Wasiwasi nao hupitia mwilini: tumbo asubuhi za shule, kukojoa kitandani baada ya kuacha, kung'ang'ania nguo ya mzazi. Daktari asipoona kitu, usiseme anajifanya. Linauma kweli.

Kwa kuwa anaogopa kuachwa, kumwacha kwa muda kufanywe kwa hatua: dakika 5 ukiwa chumba cha pili, kisha 15, kisha saa nzima. Mpe alama ya kurudi kwako anayoielewa, kama "nitarudi ukiwa unakula", na urudi wakati huo. Wengi huharibu hapa kwa kutoroka mtoto akigeuka. Kesho yake hata chooni hutaenda peke yako. Akiuliza kama nawe utakufa, usiahidi usichokiweza. Mwambie unatarajia kuishi miaka mingi, na umtajie nani angemlea.

Kwa hofu ya usiku, mwekee mwanasesere tumboni amwone akipanda na kushuka: avute pumzi kwa hesabu ya 3, aitoe kwa 5, mara tano. Mfundishe mchana akiwa ametulia. Hofu ikishapanda, hajifunzi kitu.

Shuleni, linalomchoma ni swali dogo: "Kwenu mko wangapi?" Fanyeni mazoezi ya majibu mawili, "wawili, mmoja amefariki" na "wawili" basi, achague mwenyewe wa kumwambia lipi. Mwalimu ajue mapema, pia tarehe ya kuzaliwa ya marehemu, na mwaka ambao mtoto huyu atafikia umri aliofia dada yake. Mwaka huo hofu huweza kurudi upya.

Akigoma shule kwa wiki kadhaa, au miezi 6 ikipita huzuni ikiwa ingali imemzuia kucheza, kula na kusoma, mpelekeni kwa mtaalamu wa afya ya akili ya watoto. Akisema anataka kumfuata dada, muulize waziwazi kama anawaza kujiua. Kuuliza hakumpandi wazo hilo. Akikubali au akinyamaza, asibaki peke yake, na apelekwe siku hiyohiyo.