Wembe wa kukunja: jiwe mara moja moja, ngozi kila siku

Huku Kisumu vinyozi karibu wote ni mashine ya umeme na nyembe za kutupa, na hiyo iko sawa kabisa, kinyozi anafaa kufungua wembe mpya kwa kila mteja kwa sababu ya HIV na homa ya ini. Lakini nyumbani, kwa kidevu chako mwenyewe, wembe wa kukunja, ule wa zamani unaojikunja ndani ya mpini wake, bado hauna mpinzani, na kila nikiutaja swali ni lile lile, sasa utanolea wapi? Utanoa mwenyewe, na jiwe utalishika mara chache sana kuliko unavyodhani.

Tafadhali usimpelekee yule fundi wa kunoa visu mwenye gurudumu la baiskeli. Namheshimu sana, panga na visu vya jikoni anavifanyia kazi safi, lakini makali ya wembe ni membamba mno, akiyagusisha pale kidogo tu yanapata moto mpaka chuma kinageuka rangi ya samawati, na kikishafika hapo ugumu wake umetoka, utanoa mpaka uchoke na hakishiki makali tena mpaka usage hiyo sehemu yote iishe. Tena yeye anakadiria pembe kwa jicho, na wembe huu hautaki makadirio. Mgongo wake, ule upande mnene usiokata, ndio kipimo. Unaulaza bapa juu ya jiwe, mgongo uguse na makali yaguse, basi, pembe imejipanga yenyewe, kama digrii 16 au 17 hivi kwa nyembe nyingi, na kwa vile mgongo nao unalika pamoja na makali hiyo pembe inabaki karibu pale pale miaka nenda miaka rudi. Hii kitu inanifurahisha kila nikiifikiria, yaani fundi fulani wa Solingen kule Ujerumani ama wa Sheffield Uingereza alishamaliza hesabu kabla hata hujazaliwa, na wewe kazi yako ni kutoinua mgongo tu.

Mawe ya maji, yaani ya kunolea yanayotumika yakiwa na maji, yanaenda kwa namba, namba ikipanda jiwe ni laini zaidi. 1000 ni ya kutengeneza makali upya kama yamekufa ama yana mapengo madogo, 4000 inaondoa mikwaruzo ya 1000, 8000 inalainisha, 12000 ni ya kumalizia kama unayo. Kama wembe wako bado una uhai anza na 8000 peke yake, hiyo 1000 achana nayo kwanza maana inakula chuma haraka na chuma hakirudi. Jiwe lenyewe lazima liwe tambarare, chora mistari ya penseli juu yake, weka msasa wa maji juu ya kioo, sugua mpaka mistari yote ipotee. Halafu paka wino wa maka (marker) kwenye ule ukanda mwembamba unaong'aa pembeni mwa makali, pitisha wembe mara mbili tatu, utaona wino umetoka wapi na umebaki wapi, na hapo jiwe lenyewe limekuonyesha mahali haligusi.

Kwenye jiwe makali yanatangulia. Kwenye ngozi, yaani kile kipande cha ngozi ya ng'ombe cha kulainishia makali, mgongo unatangulia. Na kila ukifika mwisho unageuza wembe kwa kuubiringisha juu ya mgongo, usigeuze juu ya makali kamwe. Usibonyeze! Uzito wa wembe wenyewe unatosha, ukikandamiza makali yanapinda na mgongo unalika vibaya. Kujua kama umefika, simama chini ya balbu, elekeza makali juu kabisa kwenye macho yako, uyazungushe taratibu. Pahali pabutu panarudisha mwanga, utaona kijinukta ama kauzi keupe, lakini makali yaliyonoleka vizuri hayaonyeshi chochote, ni mstari mweusi tu toka mwanzo mpaka mwisho.

Sasa ngozi, na hapa ndipo kazi ya kila siku iko. Fundi wa viatu anaweza kukukatia kipande cha ngozi ya ng'ombe, laini, isiyopakwa rangi, upana sentimita 6 ama 7, unafunga upande mmoja kwenye komeo la mlango na kuvuta mwingine ikazike kabisa, kwa sababu ngozi ikilegea inakunja makali yawe duara na kazi yote ya jiwe imeenda hivyo. Pitisha wembe mara 30 mpaka 50 kila kabla ya kunyoa, polepole, kasi itakuja yenyewe.

Adui mwingine ni maji, na sisi tunaishi kando ya ziwa. Chuma cha nyembe hizi kwa kawaida ni kile cha kushika kutu, so ukimaliza kunyoa suuza, futa na kitambaa kikavu mpaka ndani ya mpini pale kwenye msumari, usiukunje ukiwa na unyevu na usiuache bafuni. Wakati wa masika mimi napaka tone la mafuta ya cherehani. Mafuta ya kupikia hapana, yanaganda na kunata.

Ukitunza hivyo, jiwe litakaa kabatini miezi mingi. Siku wembe umeanza kuvuta ndevu hata baada ya ngozi, hapo ndio unalitoa lile la 8000, unapitisha mara chache bila kubonyeza, unarudi kwenye ngozi, unanyoa.