Chumvi ya Uvinza, shaba ya Msiri

Kutoka Tabora hadi Kigoma ni kama kilomita 400 za reli, na mara nyingi nimezimaliza nikiwa usingizini. Safari hii sikulala. Nilikuwa na kurasa za utafiti wangu wa shahada ya pili ya kemia, na jirani yangu kitini alikuwa mzee mwenye madumu mawili ya asali aliyoyabana kati ya miguu kama mtu anayelinda ng'ombe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Unashuka wapi?"

"Mwisho wa reli."

"Aa, basi tuko pamoja."

Tulipopita Urambo alikuwa ameshaanza kuchungulia karatasi zangu. Kulikuwa na mchoro wa duara mbili zimebebana, zimesimama juu ya safu ya duara nyingine. Akauliza kama ni mipira. Nikamwambia ni ile hewa ya jiko la mkaa, inayoua watu waliojifungia ndani usiku wa baridi: kaboni monoksaidi. Atomi moja ya kaboni, moja ya oksijeni, na kati yao kifungo kinachovutika na kurudi kama springi, zaidi ya mara trilioni 60 kwa sekunde. Safu ya chini ni shaba.

"Sasa inafanya nini hapo juu?"

Inatikisika, halafu inanyamaza. Ukiipiga kwa mwanga wa leza wa infraredi, usioonekana kwa macho, inapanda ngazi moja ya mtikisiko. Ikiwa imekaa juu ya shaba, baada ya pikosekunde 2 hivi nguvu ile imeondoka. Pikosekunde ni sekunde moja iliyokatwa vipande trilioni. Kwa hiyo molekuli inacheza kama mara 125 tu, basi, shaba imeshainyang'anya.

Mzee akanitazama kwa jicho la mtu aliyewahi kuuziwa ng'ombe mgonjwa. "Nani alishika saa hiyo?"

Swali zuri kuliko mengi niliyowahi kuulizwa darasani. Hakuna saa. Leza inatoa mpigo mmoja wa kutikisa na mwingine wa kuchungulia, na ule wa pili unazungushwa kwenye vioo ili uchelewe. Mwanga hukata milimita 0.3 kwa pikosekunde moja, kwa hiyo ukisogeza kioo kidogo tu, unajua umeuchelewesha kiasi gani. Muda unapimwa kwa urefu wa njia.

"Kumbe," akasema. "Mimi pia saa sitazami. Nahesabu stesheni."

Kaliua wakashuka wengi, wale wa njia ya Mpanda. Behewa likapoa, mzee akasinzia kidogo, nami nikabaki na reli chini yangu. Huko nyuma nilidhani molekuli inapoteza nguvu yake kwa njia hiyohiyo ya behewa na reli: inagonga atomi za chini, nazo zinatetemeka. Hesabu inakataa. Atomi za shaba zinatetemeka taratibu mno. Mtikisiko mmoja wa gesi ungehitaji kugawanywa mafungu kama tisa na kupokewa yote kwa mkupuo. Mwizi ni mwingine. Shaba ina elektroni zisizo na makao, zilezile zinazobeba umeme wa nyumbani. Kifungo cha gesi kikivutika, elektroni za shaba huingia ndani ya molekuli, kikirudi, hutoka. Kuingia na kutoka huko kunalipiwa, na mlipaji ni mtikisiko. Vitabu vyetu vya kemia huanza na dhana ya wanafizikia Born na Oppenheimer ya mwaka 1927, kwamba elektroni hufuata atomi papo hapo bila kudai chochote. Juu ya metali zinadai. Nikiri kwamba hilo ndilo lililonifanya nichague somo hili. Tarakimu zilikuja baadaye.

Tulifika Uvinza kumekucha. Chumvi ya hapa inatoka kwenye chemchemi za maji ya chumvi, na watu wameichemsha kwa zaidi ya miaka elfu moja. Nilinunua mfuko mmoja dirishani, nikauweka juu ya karatasi.

"Mzee, gesi ileile ukiiweka juu ya hii, haitulii upesi."

Watafiti Chang na Ewing waliupima muda wake mwaka 1990 huko Marekani, kwenye fuwele ya chumvi ya kawaida iliyopozwa hadi karibu nyuzi 250 chini ya sifuri. Milisekunde 4.3, na milisekunde ni sekunde moja iliyokatwa vipande elfu. Chumvi haina elektroni za kuzurura, na atomi zake nazo ni nzito kuitika. Molekuli inabaki na mtikisiko wake, inaupitisha kwa jirani au inautoa kama mwanga wa infraredi. Nikamfanyia hesabu: tuseme shaba imepewa sekunde moja, basi chumvi itapata miaka 68.

"Mimi nina sabini na moja," akasema, akacheka mpaka dumu moja likayumba.

Shaba nayo ina wenyewe huku. Wanyamwezi waliifuata kwa miguu hadi Katanga, kusini mwa Kongo ya leo, na Msiri, aliyetoka huku kwetu, akawa mtawala kabisa kule hadi alipouawa mwaka 1891. Nilimtajia mzee jina hilo, naye akaitikia kama anayemzungumzia shemeji yake.

Kazuramimba ikapita, miche ya michikichi ikaongezeka, halafu ziwa likatokea upande wa kushoto, kimya na refu. Stesheni ya Kigoma nilimsaidia kushusha madumu. Akanishika mkono, hakuuachia.

"Umesema shaba. Umesema chumvi. Na ikikaa juu ya asali?"

Nilisimama pale na mfuko wangu wa chumvi, watu wanatupita na mizigo kichwani, nikitafuta jibu.