Gita Kabla ya Sauti

Bi Shakila Saidi, mwimbaji wa taarabu, alifariki Dar es Salaam Ijumaa ya tarehe 19 Agosti 2016. Kesho yake usiku nilikuwa kwenye maiki ya redio hapa Tanga, nimepewa saa mbili nzima za kumuaga.

Nilijiandaa kuliko siku yoyote. Nilisimulia alivyozaliwa Pangani, alivyoimba katika vikundi vya Tanga vya Black Star na Lucky Star, hadi alipohamia kikundi cha taarabu cha JKT, Jeshi la Kujenga Taifa. Nikaeleza vikundi vya Tanga vya miaka ya 60 vilivyoweka kando udi na kanuni, zile ala za nyuzi za Kiarabu, vikashika gita la umeme na besi, taarabu ikawa ya kuinukia na kucheza. Hayo nilikuwa nimeyaandika magazetini mara nyingi, na bado kila nikiyasema damu hunichemka, kwa sababu watu huongea taarabu kana kwamba yote ilitoka Unguja.

Nyimbo nyingi nilizochagua zilianza na gita. Mtangazaji aliyeiva anajua kulihesabu. Unazungumza juu yake, unazungumza, na neno lako la mwisho linatua pale pale mwimbaji anapofungua kinywa. Mimi nilifundishwa hivyo na wakubwa zangu, nikaona ndio ufundi wenyewe. Usiku ule sikukosea hata mara moja.

Jumatatu mlinzi akaniita getini. Bibi mmoja alikuwa amekaa kwenye benchi, amejitanda kanga, mfuko wa rambo mapajani.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mwanangu. Ni wewe uliyekuwa ukimzungumza Shakila?”

“Ni mimi.”

“Umemzungumza vizuri, Mungu akulipe. Lakini mume wangu umemfunika.”

Sikumwelewa. Akafungua rambo, akatoa kanga iliyokunjwa, na ndani ya kanga santuri ndogo. Karatasi ya katikati ilikuwa imefifia, ila jina la klabu na la wimbo yalisomeka. Jina la mpiga gita halikuwamo. Halikuandikwa tangu mwanzo.

Akanieleza. Marehemu alikuwa kibarua bandarini, jioni anashika gita, nyumba yao Ngamiani. Hakuimba wala hakutunga. Picha yake akiwa na gita hana. “Katika nyimbo zote alizopiga, hii peke yake ndiyo anasikika bila mtu. Hapo mwanzo tu. Jumamosi nimewaita wajukuu, nikawaambia njooni mumsikie babu yenu. Tukakusikia wewe.”

Niliona aibu mpaka mikono ikawa mizito. Nikamwomba radhi, akasema yamekwisha, nami nikajua hayajakwisha.

Nikamwingiza studio. Wimbo ule tulikuwa nao kwenye kompyuta. Nikamvalisha hedfoni juu ya ushungi, nikabonyeza. Nilikuwa nimeupiga wimbo huo miaka chungu nzima, lakini siku ile nilitazama mkono wake wa kushoto. Ulikuwa gotini, na vidole vikawa vinabonyeza kitambaa, kimoja baada ya kingine, kama vinafuata nyuzi. Alikuwa anaijua mipito yote. Bila shaka aliitazama ikifanyiwa mazoezi barazani, jioni baada ya jioni. Sauti ya Bi Shakila ilipoingia, akavua hedfoni.

“Nirudishie mwanzo.”

Nikarudisha. Tukasikiliza mara tatu, kila mara akivua palepale.

Akaikunja santuri kwenye kanga yake. Nikataka kumwitia bajaji, akakataa, akasema atatembea taratibu. Mlangoni akauliza kama Jumamosi nitaupiga tena. Nikamwambia nitaupiga.

“Basi unyamaze.”

Jumamosi, kabla ya wimbo, nilitaja jina la mume wake hewani. Hapa silitaji, ni la familia. Nikasema alikuwa mtu wa bandarini, mkazi wa Ngamiani, na gita mtakalolisikia ni mkono wake. Nikafunga maiki. Sekunde 22. Kwa mtangazaji ni muda mrefu mno. Mdomo wenyewe ulikuwa unataka kusema kitu. Nyuma ya kioo fundi mitambo akainua mkono kuniuliza kuna nini, akidhani maiki imekufa, nikamtikisia kichwa. Gita likapanda, likateremka, likasita kidogo mahali ambapo sikuwahi kujua kama linasita. Kisha ngoma, kisha besi, ndipo Bi Shakila akaanza.