Nilivyozoea picha ambazo stelingi anakufa

Elimu yangu ya sinema niliipata kibanda umiza, Mbagala. Mabenchi ya mbao, televisheni ya chogo, na mtafsiri mmoja anayewaongelea wahusika wote, wake kwa waume. Lufufu ndiye aliyekuwa kinara wa kazi hiyo. Kuna picha ambazo mpaka leo nikizisikia kwa Kiingereza chake cha asili naona kama zimepungukiwa.

Pale kibandani sheria zilijulikana. Stelingi hafi. Anayekufa mapema ni rafiki wa stelingi, ili stelingi apate hasira. Adui mkubwa anaachwa mpaka mwisho, na akifa lazima ateseke, la sivyo watu wanadai hela zao. Kwa sheria hizo tatu unaweza kufuata picha ya nchi yoyote, hata jenereta likizidi sauti ya spika.

Sasa mtu aliyelelewa hivyo mpe zile filamu za kutisha za pembezoni, za bajeti ya kuungaunga, zenye mashabiki wachache wanaozitetea kama dini. Zilinishinda kwa miaka. Naona damu ya uongo, naona mwigizaji anaongea kama anasoma tangazo la msiba, halafu inaisha nikiwa bado nasubiri. Lakini watu ninaowaamini walizidi kuzisifu, nikaamua nijue wanachokiona.

Kilichonisaidia mwanzo ni uchumi tu. Night of the Living Dead, ya George Romero, ya mwaka 1968, inapatikana bure na ni halali kabisa kuipakua. Filamu ilibadilishwa jina kabla ya kutoka, na wasambazaji walipoweka jina jipya, ile alama ya hakimiliki haikurudishwa. Kwa sheria ya Marekani ya wakati ule, kosa hilo lilitosha kuifanya mali ya umma. Romero na wenzake walipoteza hela nyingi, lakini ndiyo maana filamu imezunguka dunia nzima. Nikaishusha kwa bando la usiku.

Kisa ni chepesi: wafu wanainuka na kula watu, na kundi la wasiojuana linajifungia kwenye nyumba shambani. Anayeongoza ni Ben, kijana mweusi, aliyeigizwa na Duane Jones. Anapigilia mbao madirishani, anatafuta bunduki, anagombana na mzee mmoja mkaidi kuhusu nani ashuke chini na nani abaki juu. Usiku mzima anahangaika, anapona. Asubuhi wanakuja wawindaji wenye bunduki kusafisha eneo. Ben anachungulia dirishani, wanamdhania mfu, wanampiga risasi ya kichwa. Basi. Zinafuata picha za mnato zenye chengachenga, wanaume wenye kulabu za nyama wakimburuta kumpeleka kwenye moto.

Nilirudisha nyuma kuhakikisha sijaruka kipande. Baadaye nikasoma kwamba Romero alikuwa njiani kupeleka filamu New York aliposikia redioni kwamba Martin Luther King ameuawa. Hakuitengeneza kwa ajili ya hilo, ilikuwa imeshakamilika. Lakini ukijua hivyo, zile picha za mwisho huziangalii tena kama za mazombi.

Kuanzia hapo nikabadilisha swali. Badala ya kuuliza kama filamu inatisha, nikawa nauliza hawa watu walifanyaje kwa hela waliyokuwa nayo. Hii ya Romero iligharimu kama dola 114,000. Damu ni sirapu ya chokoleti, na kwa kuwa picha ni nyeusi na nyeupe hakuna anayegundua. Ile chengachenga niliyoidharau ndiyo inayokufanya uone kama unatazama taarifa ya habari. Weka kamera nzuri na rangi safi pale, utaiua.

Iliyonimaliza kabisa ni Carnival of Souls ya Herk Harvey, 1962. Harvey alikuwa mwajiriwa wa Centron, kampuni ya Lawrence, Kansas, iliyotengeneza filamu za mafunzo kwa shule na viwanda. Siku moja anaendesha gari akapita kando ya Great Salt Lake, Utah, akaona jengo la starehe la Saltair limetelekezwa. Jengo likamkaa kichwani. Akamwomba mwenzake wa kazini, John Clifford, aandike hadithi itakayofikia ukumbi ule, wafu wakicheza dansi. Bajeti ilikuwa kama dola 33,000, na yule mwanaume wa uso mweupe anayemwandama stelingi ni Harvey mwenyewe.

Kuna tukio moja humo nimelitazama mara nyingi kuliko filamu nzima. Mary, mpiga kinanda wa kanisa, yuko dukani anajaribu gauni. Anatoka chumba cha kujaribia, picha inatikisika kama maji, sauti zote zinakatika. Anamwongelesha muuzaji, muuzaji hamwoni. Anatoka nje, watu wanampita, mji mzima umekuwa bubu. Mpaka anafika bustanini, ndege analia, sauti zinarudi. Hakuna zimwi wala kisu. Mtu amezima sauti na kuiwasha, gharama yake sifuri, na mimi nimekaa kitandani nimeshika shuka.

Nikaanza kuona kitu. Romero na wenzake walikuwa wanatengeneza matangazo ya biashara. Harvey filamu za mafunzo. Nobuhiko Obayashi wa Japani, aliyetoa House mwaka 1977, naye alitoka kwenye matangazo. Hawa si wababaishaji waliookota kamera. Ni mafundi waliozoea kumaliza kazi haraka kwa fedha ya mtu mwingine, siku moja wakapata nafasi ya kufanya mambo yao.

House ina piano inayomla msichana na picha ya paka inayotapika damu. Mengi ya hayo ni mawazo ya binti wa Obayashi, aliyekuwa mtoto bado. Mara ya kwanza nilicheka mpaka mwisho. Mara ya pili nikamfuatilia shangazi mwenye nyumba: anamsubiri mchumba aliyekwenda vitani asirudi. Obayashi alizaliwa mkoa wa Hiroshima na alipoteza marafiki wa utotoni kwa lile bomu. Utani wote ule umesimama juu ya kaburi.

Si kila kitu kimekubali. Eraserhead ya David Lynch, 1977, mpaka leo siipendi. Sauti zake za mitambo nazikubali, yule mtoto simtaki. Na tabia ya kutazama filamu mbovu ili kumcheka aliyeitengeneza, kama wanavyofanyiwa akina Ed Wood, mwongozaji wa Marekani, naona ni uvivu.

Mtihani wenyewe ulikuwa mjomba wangu, mteja wa vibanda tangu enzi za kanda. Nilimwekea ya Romero.

"Hawa ni misukule?" akauliza.

"Kama misukule, mjomba."

"Msukule hali mtu, mwanangu. Msukule anakula pumba, analimishwa usiku. Hawa ni kitu kingine."

Akakaa kimya mpaka Ben alipopigwa risasi.

"Part two unayo?"

"Imeisha hivyo, mjomba."

"Imeishaje na stelingi kafa?"

Romero alitoa nyingine mwaka 1978, lakini Ben ndio hayupo tena. Mjomba hakuridhika. Kesho yake nikamkuta kijiweni anawasimulia wenzake picha nzima, akiigiza sauti ya kila mhusika, na wale waliokuwa wanamsikiliza wakagawanyika: nani mwenye kosa, Ben au wawindaji? Picha za ngumi hazijawahi kuzua ubishi wa namna hiyo pale.

Hapo ndipo nilipoielewa Wakaliwood, studio ya filamu za bajeti ndogo ya Kampala. Nabwana I.G.G. alipotoa Who Killed Captain Alex? mwaka 2010, kwa bajeti anayosema haikufika dola 200, aliacha msimulizi, VJ Emmie, aongee juu ya filamu nzima, akitania na kushangilia. Wazungu wakaona maajabu. Sisi wa vibanda tuliona picha iliyokuja na mtafsiri wake ndani.

Kwa anayetaka kuanza, mimi ningempa Carnival of Souls. Ni kama dakika 78 tu, bando haliumii. Vaa hedifoni, zima taa, usisome maelezo yoyote kabla. Ya Romero tazama na watu wabishi. House iache mpaka uwe umeshazoea, na Eraserhead ukiipenda, njoo unieleze.