Kidude changu cha hali ya hewa (naandika kwa JavaScript), siku ya 9 na ya 10: zile `?.`

Siku ya 9, usiku

Ukurasa umekuwa mweupe tena. Konsoli (pale kivinjari kinapoandika makosa) inasema `Cannot read properties of undefined (reading 'sasa')`, nikafuatilia we, kumbe kuna kituo kimoja kimeleta data haina `joto` kabisa, na mimi nasoma `kituo.vipimo.joto.sasa` kama vile kila kitu lazima kiwepo. Zamani ningeandika ule mlolongo wa `kituo && kituo.vipimo && kituo.vipimo.joto`, unachosha macho yani. Sa hizi kuna `?.`, iko kwenye JavaScript tangu ES2020 (toleo la lugha la mwaka 2020), ikikuta `null` au `undefined`, yani hamna thamani, inaishia hapo hapo na kukurudishia `undefined` kimya kimya. Nikazimwaga kila mahali, `kituo?.vipimo?.joto?.sasa`, nikalala na furaha zangu.

Siku ya 10

Vituo VYOTE vinaonyesha "hakuna data" na konsoli safi kabisa. Karibu saa nzima natafuta, nikashuku mpaka seva, kumbe nilipokuwa nabadilisha niliandika `vipmo`. Zile alama ndo zilikuwa zinanifichia, bila hizo kosa lingenirukia usoni palepale.

Kwa hiyo nimezipunguza. Kituo bila `vipimo` ni data mbovu, programu ilie tu nijue, ila `joto` linaweza kukosekana kweli maana kifaa cha kupimia huwa kinazima. Imebaki moja: `kituo.vipimo.joto?.sasa`.

Afu kituo kimoja kikawa kinaonyesha kistari wakati joto lipo, ni 0. Kosa langu, niliweka `|| '-'`, na `||` inaichukulia 0 kama hamna kitu. Nimeweka `??`, hiyo inajali `null` na `undefined` tu, 0 inapita salama.

(Kwenye safu, yani orodha ya vitu, ni `vituo?.[0]`, nukta usiiruke. Mimi niliiruka, kompyuta ikadhani naanza sharti la `? :` ikagoma.)

Kilichobaki ni kuandika thamani, maana `joto?.sasa = 0` lugha yenyewe inakataa, hii ni ya kusoma tu. Hapo nimerudi kwenye `if` ya kizamani na wala haijaniuma. Kesho upepo, nimeshachungulia data yake, `kasi` wakati mwingine inakuja kama maandishi badala ya namba, na hilo `?.` haitanisaidia chochote.