Kucheza Bugobogobo Hadi Mwaka wa Mwisho wa Chuo

Nilipojiunga na chuo cha ualimu mjini Tabora, jembe nililijua kwa kazi moja tu ya kulimia. Kwetu Kasulu nilikuwa mwanakwaya, na katika kwaya nilizoea kucheza nikiwa nimenyooka, katika mstari, kwa hatua ambazo sote tulizijua kabla wimbo haujaanza. Kikundi cha ngoma cha chuo kilikuwa kikicheza bugobogobo, ngoma ya Wasukuma ambayo majirani zao Wanyamwezi huicheza pia. Ngoma hii imetokana na kazi ya shambani, pale vikundi vya wakulima vilipolima kwa pamoja huku ngoma ikipigwa ili majembe yashuke kwa wakati mmoja. Ndiyo maana mchezaji huinama, hukunja magoti na kuuelekeza uzito wake wote ardhini, kisha hulirusha jembe, likazunguka hewani, naye akalidaka bila kupoteza hatua.

Jembe halikunisumbua kama nilivyotarajia, kwa kuwa tulianza na mipini mitupu, na hata baadaye tulitumia majembe yaliyochakaa makali. Kilichonishinda kwa muda mrefu kilikuwa miguu. Mchezaji huvaa njuga, na njuga hazimfichi mtu: ukichelewa kidogo tu, kila aliye uwanjani anasikia. Mzee aliyekuwa akitufundisha, mkazi wa mjini ambaye tulimwita Baba na kumsalimu kwa Kinyamwezi kila alipofika, alinitazama kwa siku kadhaa kabla ya kusema lolote. “Mwanangu,” aliniambia, “wewe unaingoja ngoma imalize kusema ndipo umjibu mpigaji. Mguu wako na mkono wake vishuke pamoja.” Aliniweka kando ya ngoma kubwa, akanikataza kucheza, nikawa naitikia nyimbo na kukanyaga mahali pamoja tu. Huko ndiko nilikojifunza, na ninaamini kwamba anayeanza kwa kuiga mikono ya wenzake hujichelewesha bure.

Baadhi ya wanachuo walituona kama watu tunaochezea ushirikina. Hofu hiyo haikutoka hewani, kwa sababu katika mashindano ya jadi ya Wasukuma, ambako wachezaji hugawanyika katika pande za Wagika na Wagalu, dawa za kuvutia watazamaji zilikuwa sehemu ya ushindani. Niliona ni heri kulisema hilo wazi kuliko kulikana, kisha nieleze kwamba sisi tulichukua nyimbo, midundo na miondoko, na dawa tukaziacha. Wengine waliridhika, wengine hawakuridhika, nami sikuendelea kubishana nao.

Katika mashindano hayo ya jadi, pande mbili hucheza kwa wakati mmoja, kila moja mahali pake, na mshindi ni yule aliyevuta umati mkubwa zaidi. Baba alitufanyia jambo hilohilo uwanjani: alitugawa makundi mawili saa ambayo wenzetu walikuwa wakielekea bwaloni kula, akatuacha tuwagombanie. Watu wenye njaa ni waamuzi wakali. Kundi letu lilicheza kwa usahihi lakini likabaki na watazamaji wachache, huku wenzetu, ambao manju wao, yaani kiongozi wa nyimbo, alikuwa akitunga papo hapo maneno kuhusu maharage ya chuo, wakizingirwa na karibu chuo kizima. Tangu siku hiyo nilianza kuwatazama watu usoni ninapocheza, na tabia hiyo ilinifaa sana nilipokwenda mazoezi ya kufundisha, kwa maana darasa nalo huondoka kimawazo mwalimu akiwa bado ameliinamia somo lake.

Kuhusu masomo sina mengi ya kusema: mazoezi yalikuwa jioni, prepo ilikuwa usiku, na mimi niliyeshindwa kukesha nilihamishia usomaji wangu alfajiri.

Mwalimu Nyerere, ambaye alisoma na baadaye kufundisha hapahapa Tabora, alilalamika mwaka 1962 kwamba wengi walijifunza dansi za kigeni huku wakiwa hawazijui ngoma zao wenyewe. Mimi, Muha ninayecheza ngoma ya Kisukuma, naliona tatizo lingine karibu nami zaidi. Kijijini manju huzeeka na ngoma yake, akiwarithisha vijana taratibu. Chuoni, kila mwaka wanaoijua ngoma vizuri ndio wanaohitimu. Nilipoingia mwaka wa pili, nyimbo kadhaa zilikuwa zimeondoka na waliozijua, na Baba alilazimika kuzianza upya.

Kwa hiyo tulikubaliana kwamba kila anayeingia awe na mwenzake wa mwaka wa pili, na kwamba nyimbo ziandikwe. Niliandika maneno kama Baba alivyoyatamka, yeye akayasahihisha nilipomsomea, na pembeni nikaeleza ni wapi jembe hurushwa na ni wapi sauti hunyamaza ili njuga zisikike. Mwanachuo niliyemfundisha mimi tayari analizungusha jembe vizuri kuliko mimi, ila bado anaikimbilia ngoma, kwa hiyo kabla sijarudi Kasulu nimemwomba Baba amweke kando ya ngoma kubwa na kumkataza kucheza.